Rais wa Fenesi Huingia Mwisho

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata kazi ya kupanga marais. Nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti hapa jikoni, Shiku aliinua kichwa kutoka kwa simu yake akasema, "Mum, you're hiring people to stand around," yaani naajiri watu wa kusimama tu. Binti yangu alizaliwa Lewisham. Kiswahili anakisikia chote, ila kinywa chake hujibu kwa Kiingereza tu, na hukupa ukweli kabla hujauomba.

Basi acha niuandike huo ukweli. Mwezi wa Novemba viongozi wa nchi zaidi ya ishirini watakutana hapa London kuzungumzia maji. Kampuni yetu ndogo imepewa kazi ya itifaki: nani aingie lini, nani asimame wapi kwenye picha ya pamoja. Marais wenyewe hawana muda wa mazoezi, kwa hiyo tunatafuta watu wa kusimama mahali pao, na tunabandika bendera ndogo sakafuni ili kila mmoja ajue pa kuweka miguu. Ian, mkuu wangu, alitaka watu wavumilivu wanaoweza kusimama muda mrefu bila kunung'unika. Nikamwambia ninao. Nusu ya kanisa letu imepanga foleni kule Croydon, kwenye lile jengo la uhamiaji, na kama kuna watu duniani wanaojua kusimama, ni hao.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Novemba. Mambo yakienda sawa, Ian ameahidi kuniajiri moja kwa moja. Yakiharibika, narudi kwenye nyumba ya wazee kuwageuza watu vitandani usiku kucha, na mgongo wangu umeshaniambia kwamba nikirudi huko, nirudi peke yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Kwa sababu za usiri haturuhusiwi kutaja nchi. Kila nchi imepewa jina la tunda, na aliyeyachagua ni mimi. Ian, atakayesimama mahali pa mwenyeji, nimempa Tofaa. Hajauliza kwa nini.

Jumamosi, 13 Septemba

Mazoezi ya kwanza, katika ukumbi tuliokodi Croydon karibu na kituo cha tramu. Nimerudi sina sauti.

Nilianza kwa kuwaeleza. Katika mkutano huu cheo hakipimwi kwa ukubwa wa nchi wala utajiri wake. Rais aliyeapishwa zamani zaidi ndiye mkubwa. Aliyeapishwa juzi ndiye mdogo, hata kama nchi yake ina dhahabu chini ya kila jiwe. Mdogo huingia kwanza, akasimama pembeni kabisa, akangoja. Mkubwa huingia mwisho, ili asimngoje mtu, na husimama mkono wa kulia wa mwenyeji.

Wakatikisa vichwa. Nikafikiri wameelewa.

Rais wa Fenesi yuko madarakani miaka ishirini na saba, hakuna anayemkaribia. Mahali pake nimemweka Mzee Lambert, Mkongomani wa Bukavu, ambaye alifagia maofisi ya mji huu mpaka magoti yakagoma. Ana kitambi cha heshima na koti refu jeusi, nikaona sura ya urais anayo. Kumbe na hasira zake anazo.

"Mama Shiku," akaniambia mbele ya watu wote, "miye niko raisi wa zamani kupita bote, na munaniweka ku mukia?"

"Si mkia, Mzee. Ni heshima. Wote wanakungoja wewe."

"Bananingoja?"

"Wote. Hata mwenyeji."

Akafikiri kidogo, akarekebisha tai. "Bon. Bangoje basi."

Hapo nikadhani nimemaliza shida. Kumbe shida ilikuwa mlangoni. Rais mdogo kuliko wote, yule wa Ndimu, anaigizwa na Faridah, msichana wa Mombasa anayesomea uuguzi. Ndiye wa kuingia kwanza. Nikapiga kofi moja, ishara ya kuanza. Hakuna aliyeingia. Nikapiga tena. Ian alikuwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi ule mkubwa, Tofaa bila mgeni hata mmoja, anatazama saa.

Nilipotoka nje nikamkuta Faridah ameushika mlango kwa mikono miwili, amejibana ukutani, anasema, "Tangulieni, babu. Tangulia, bibi." Na aliye nyuma yake, badala ya kupita, naye amegeuka anamwambia wa tatu, "Hapana, wewe ndiye mkubwa, tangulia." Foleni nzima ya marais imegeuka, kila mmoja anamkaribisha aliye nyuma yake, na mwisho kabisa wa foleni Mzee Lambert amefunga mikono kifuani, anangojewa.

"Faridah, ingia!"

"Anti Jedidah, nitawapitaje wazee mbele? Mamangu akisikia, hata simu hatanipigia."

"Leo wewe si Faridah. Wewe ni rais."

"Rais hana mama?"

Zoezi la dakika nane lilituchukua nusu saa. Kwenye tramu nilicheka mpaka mwenzangu wa kiti akahamia kingine.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Mwavuli umevunjika mbele ya soko la Lewisham. Sina zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo niliwapa somo la historia, maana niliona bado wanacheka cheka. Niliwaambia kwamba zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, hapa hapa London, watu wa balozi wa Ufaransa na wa balozi wa Uhispania walipigana barabarani kuhusu gari la farasi la nani litangulie, na watu wakafa. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakafa kwa ajili ya nani mbele nani nyuma. Baadaye ndipo wakubwa wa Ulaya walipokutana Vienna wakakubaliana kwamba balozi aliyetangulia kufika ndiye atangulie kwa cheo. Tarehe haina ndugu wala haina bunduki.

Mama Jaspreet akasema, "Hawa walikosa mtu wa kuwapikia chai."

Mama Jaspreet ndiye Rais wa Zambarau. Alizaliwa Kisumu, sasa anaishi Southall, na Kiswahili chake kina Kisumu yote ndani yake. Hupanda treni mbili na tramu kuja kusimama. Na kila Jumamosi huja na sambusa.

Faridah aliingia leo, lakini alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Samahani, babu zangu," akainama, ndipo akaingia. Ian ameshaanza kumtazama vibaya.

Jumapili, 28 Septemba

Célestine, mkewe Mzee Lambert, alinishika mkono nje ya kanisa. Naye ni rais: anasimama mahali pa Komamanga, wa pili kwa ukubwa, mkono wa kushoto wa mwenyeji. Mumewe kulia, yeye kushoto, Ian katikati yao kama mtoto wao mweupe.

"Mama Shiku, ule muzee umeniharibia," akasema. "Sasa ku meza hataki kukaa mpaka bote tukae. Leo ibada ilianza, yeye iko inje ku mvua, anangoja bote baingie."

Nikakumbuka. Kweli, wakati wa wimbo wa kwanza mlango ulikuwa umefunguka, na Mzee Lambert akaingia taratibu, koti limelowa, akiwapungia watu mkono kulia na kushoto. Nilidhani amechelewa basi.

Nilikasirika, sifichi. Cheo cha kuazima, na mtu anakivaa mpaka kanisani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Uasi.

Tulikuwa tumepanga mistari ya picha. Zambarau yuko mstari wa pili, pembeni. Mama Jaspreet akaenda akasimama mstari wa mbele karibu kabisa na Célestine, akaweka mkoba wake chini juu ya bendera ya mtu mwingine.

"Mama Jaspreet, nafasi yako ni ile kule."

"Sikiza, Jedidah. Nimesoma kile karatasi yako. Huyu rais wangu alitawala miaka kumi, akashindwa, akakaa nje, akarudi. Sindio?"

"Ndio."

"Sasa, hii miaka kumi ya kwanza imeenda wapi?"

"Haihesabiwi. Ukitoka ukarudi, hesabu inaanza upya."

"Nani alisema?"

"Ndiyo desturi."

Akashika kiuno. Ana miaka sabini na minne na akishika kiuno ukumbi mzima hunyooka. "Mimi nilikuwa mwalimu mkuu Kisumu. Watoto wakiniona wanapanga mstari wenyewe. Nikashuka ndege hapa, wakaniambia, start again, anza upya. Nikafunga chakula cha abiria wa ndege kwa trei, miaka na miaka. Kila mahali, start again. Sasa hata nikiwa rais, Jedidah? Hata nikiwa rais?"

Mzee Lambert, ambaye hana msaada wowote, akasema kutoka mkono wa kulia, "Mama, fuata protocole."

"Wewe nyamaza, Fenesi! Wewe umekalia kiti miaka ishirini na saba, nani alihesabu hizo kura?"

Watu wakaangua kicheko mpaka Ian akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Mimi nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu mama alikuwa hachezi. Macho yake yalikuwa yamejaa. Nikampeleka nje tukala sambusa zake mwenyewe kwenye ngazi. Mimi pia nilikuwa karani wa benki Nyeri, na hapa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwishowe akajipangusa unga mikononi. "Nitasimama mstari wa pili," akasema. "Lakini kwa picha nitakuwa na kilemba kirefu cha harusi ya mtoto wangu. Wanione."

"Rais wa Zambarau ni mwanamume, mama, na mfupi."

"Shauri yake."

Alhamisi, 9 Oktoba

Mafua. Shiku kanipikia uji bila kuombwa. Sikusema chochote nisije nikaharibu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ian amesema maneno mawili yanayonitisha. La kwanza, siku chache kabla ya mkutano kutakuwa na zoezi kuu mbele ya maofisa wa itifaki wa nchi zote, na wao wakitoka hawajaridhika, kampuni imekwisha na mimi kabla yake. La pili, Faridah lazima abadilishwe. Bado anageuka mlangoni. Hazidishi sekunde nyingi, lakini kila anapogeuka, wa nyuma yake anasita, na mwendo wote unajikwaa.

"Mpe wiki chache," nikamwambia.

"Nampa mpaka zoezi kuu," akasema. "Kwa dhamana yako."

Nimeshaweka dhamana ya mgongo wangu juu ya adabu ya mtoto wa Mombasa.

Baada ya mazoezi nilitembea na Mzee Lambert na Célestine hadi kituo cha tramu. Tulipita karibu na lile jengo la uhamiaji. Mzee akasimama akalitazama. Nikajiandaa kwa hotuba, maana siku hizi hutoa hotuba hata kwa madereva wa basi. Hakutoa.

"Hapa nilikuja sana," akasema. "Na baridi. Unakaa, unangoja baite jina yako. Hata jina hawaisemi muzuri." Akavuta kola ya koti. "Mama Shiku, tangu nifike mu hii inchi niko nangoja. Nangoja makaratasi, nangoja bus, nangoja docteur. Hakuna mutu aliningojeaka miye. Hata mara moja. Sasa posho, kila posho, batu bote banasimama bananingoja miye niingie."

Posho ni Jumamosi kwao. Célestine alikuwa kando, anatazama reli. Akasema "Hm" tu.

Sitamcheka tena kwa koti la mvua. Nilimdhania mtu wa kujikweza, na kumbe ni mtu mwenye kiu. Hivi kwa nini sikuliona mapema, mimi niliyempa cheo hicho kwa mkono wangu?

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Nusu ya kanisa haikujua, ikafika mapema. Mzee Lambert alikuwa na saa nzima ya kungoja nje ili awe wa mwisho, na akaingoja.

Jumamosi, 1 Novemba

Giza linaingia watu wakiwa bado na chakula cha mchana mdomoni. Lakini zoezi limekwenda kwa dakika tisa! Mama Jaspreet ametuimbisha kwa mwiko, naam, mwiko wa kuazima jikoni mwa ukumbi, akipigapiga mwendo. Faridah aligeuka mara moja tu, kidogo sana, kwa shingo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikuwa ndani ya treni ya kwenda kazini Ian aliponitumia ujumbe: "Fenesi ameshindwa."

Nilifikiri ni Mzee Lambert, ameanguka. Nikapiga simu huku nasukumwa na mabegi ya watu.

Kumbe ni Fenesi mwenyewe. Kulikuwa na uchaguzi, hakuna aliyeutilia maanani kwa sababu hushinda kila mara, na safari hii kashindwa. Jana akasimama mbele ya kamera, akampongeza mpinzani wake. Rais mpya ataapishwa Jumatatu, na yeye ndiye atakayekuja London.

Nilikaa kwenye dawati nikachora upya. Rais wa Fenesi aliyeapishwa Jumatatu ni mdogo kuliko wote, hata kuliko Ndimu. Kwa hiyo ataingia wa kwanza. Atasimama mwisho wa mstari, pembeni, karibu na mlango wa choo. Atawangoja wote. Na mkubwa wa wote, atakayeingia mwisho, ni Komamanga.

Yaani Célestine.

Nikaweka kalamu chini.

"Rahisi," akasema Ian. "Mbadilishe mzee. Mpe Komamanga, mkewe mpe Fenesi. Nani atajua?"

Nami nikaona huo ndio mlango wa rehema. Mzee ataendelea kungojewa, Célestine hana makuu, na zoezi kuu liko Jumamosi ya wiki ijayo. Akinuna pale mbele ya maofisa, basi mimi na mgongo wangu tunajua tunakokwenda. Kesho naenda kwao.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilifika kwao mchana, na mkate wa nazi wa kulainisha mambo. Nyumba yao iko nyuma ya hospitali, ghorofa ya pili. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na nilipoingia hakusimama. Bado rais.

Nikazunguka. Nikaanza na hali ya hewa, nikapitia treni, nikaingia magoti yake. Célestine akaleta chai. Mwishowe nikasema yote kwa pumzi moja: Fenesi ameshindwa, kuna mpya, mpya ni wa mwisho kwa cheo, lakini usijali, Mzee, nimepanga ubadilishane na Mama Célestine, utabaki palepale mkono wa kulia, utaingia mwisho kama kawaida, hakuna kitakachobadilika.

Hakugusa chai.

"Alishindwa?"

"Alishindwa."

"Na anakubali? Yeye mwenyewe, na mudomo yake?"

"Juzi. Iko kwenye simu."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Ni dakika mbili. Mzee mmoja mwenye mvi, amechoka, anasoma karatasi, anasema wananchi wamesema na yeye amesikia. Kisha mpinzani wake anaingia, mwanamume wa makamo mwenye miwani, anaonekana ana hofu zaidi ya furaha, na wanapeana mikono. Yule mzee anamshika begani, anamwonyesha kiti. Basi.

Mzee Lambert aliitazama. Akaniambia nirudie. Akaitazama tena, simu ameishika kwa mikono miwili. Machozi yakaanza kumtoka na hakuyafuta.

Nikajilaumu. "Mzee, samahani. Nilisema hakuna kitakachobadilika."

"Mama Shiku," akasema. "Nilionaka baraisi banatoka na masasi ya bunduki. Nilionaka benye banatoka mu sanduku ya maiti. Na kila mara moja anatoka, siye batu tunakimbia na mafuko ku kichwa. Lakini mutu anatoka ku mulango, na miguu yake, anaonyesha mwenzake kiti?" Akanipa simu yangu. "Ule sijamuonaka."

Kisha akasimama. Magoti yakalia, naye akasimama hivyohivyo, akavuta fulana ikae sawa juu ya kitambi.

"Niachie Fenesi yangu."

"Lakini Mzee, utaingia wa kwanza. Utakuwa mdogo kuliko wote. Utawangoja wote."

"Njo vile. Miye niko raisi mupya! Nimeshinda uchaguzi, na weye unaniletea mukate na uso ya matanga? Hamunipongeze?"

Nilichelewa kuelewa. Célestine hakuchelewa. Alipiga kigelegele mle sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, naye akaongeza cha pili kwa ajili ya jirani. Tukampongeza rais. Nilimshika mkono, nikamwita Mheshimiwa, nilicheka huku nalia, na ule mkate ukaliwa wote.

Nilipokuwa navaa viatu, Mzee akasema kwa furaha, "Sasa nitangoja tena. Nimezoea. Nangoja, na hakuna mwenye—"

"Na miye?" Ni Célestine, kutoka jikoni. Sauti yake haikupanda. "Myaka sita ku Bukavu, na batoto tatu, mpaka makaratasi yako itoke. Nilikuwa nangoja nani? Bus?"

Mzee akageuka akaelekea jikoni. Nikatoka polepole nikarudishia mlango.

Jumatano, 12 Novemba

Fenesi mpya ameapishwa. Mama Jaspreet amenitumia ujumbe wa sauti: "Mwambie Lambert, karibu kwa wale wa start again."

Jumamosi, 15 Novemba

Zoezi kuu, kwenye ukumbi wenyewe kando ya mto Thames. Sakafu inateleza kwa kung'aa, taa kama jua la saa sita, na maofisa wa itifaki wamekaa mistari mitatu na nyuso zao zimepigwa pasi. Ian, Tofaa wetu, alikuwa katikati, na nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali.

Nikapiga kofi.

Mlango ukafunguka na Mzee Lambert akaingia. Peke yake, ukumbi mtupu mbele yake, na njia ndefu. Nilidhani atapunga mkono, hakupunga. Alitembea kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, anaangalia asikanyage zulia la mwenyewe. Akamsalimu Ian kwa mikono miwili. Kisha akaenda pembeni kabisa, akaitafuta bendera yake, akaweka miguu juu yake, akasimama wima.

Wa pili ni Faridah. Akaingia moja kwa moja! Hakugeuka, hakuinama, shingo haikupinda. Baadaye nilimuuliza umefanyaje, akanishangaa.

"Si babu ametangulia, Anti? Mzee akishatangulia, mimi nafuata tu."

Wiki zote zile nilimhangaisha mtoto, na dawa yake ilikuwa uchaguzi wa nchi ya mbali.

Nyuma yake mwendo ukatiririka. Wakaja mmoja mmoja, na Mzee Lambert kutoka pembeni kwake alikuwa akimtazama kila anayeingia na kumwinamia kichwa kidogo, kama mwenye nyumba. Mama Jaspreet aliingia na kile kilemba, mrefu kuliko wote, akasimama mstari wa pili, na hakuna aliyeonekana zaidi yake. Maofisa wakaanza kutabasamu. Ian akaacha kujipangusa viganja.

Imebaki nafasi moja, mkono wa kulia wa mwenyeji. Mlango ukabaki wazi.

Célestine hakuharakisha. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu cha kwenda harusini, na alivuka ukumbi ule kana kwamba alikuwa na mchana wote wa kuuvuka. Viongozi wote kimya, wamesimama, wanamngoja. Nilimtazama Mzee Lambert. Macho yake yalikuwa juu ya mkewe tangu mlangoni, mikono ameinyoosha pembeni kama askari, na uso wake wote unacheka. Célestine alipofika mahali pake aligeuza kichwa, akamtafuta kule mwisho wa mstari, akampa "Hm" moja tu. Niliisikia kutoka nilipokuwa.

Dakika nane. Ian alinikumbatia mbele ya maofisa, jambo ambalo haliko kwenye itifaki yoyote.

Alhamisi, 20 Novemba

Mkutano wenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia. Fenesi mwenye miwani aliingia wa kwanza, amekunja mabega, anatafuta pa kukanyaga. Nusura nimwite Mzee.

Picha imetoka safi. Zambarau halisi haonekani, kichwa cha aliye mbele kimemfunika. Mama Jaspreet amefurahi mno.

Ijumaa, 21 Novemba

Ian ameniita ofisini. Kazi ya kudumu, kuanzia Desemba! Nimempigia Shiku. "Hongera, Mama," akasema. Kwa Kiswahili. Nimemwambia arudie, akakata simu.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ya mawe asubuhi. Nilifika kanisani mapema kutoa shukrani, nikadhani nitakuwa wa kwanza. Mzee Lambert alikuwa amefika kabla yangu, amesimama mlangoni ndani ya lile koti refu, mwavuli mkononi.

"Ingia, Mzee, baridi."

"Ingia weye. Célestine alibaki nyuma ananunua mboga."

Watu wakaingia, mmoja baada ya mwingine, akawashikia mlango wote. Wimbo wa kwanza ukaanza, ukaisha. Mchungaji akachungulia akamwita kwa mkono, naye akatikisa kichwa. Katikati ya wimbo wa pili nilisikia mlango, nikageuka. Célestine alikuwa anaingia, mikono mitupu, na nyuma yake alikuja mumewe, mabega yamelowa, amebeba mifuko ya mboga, na ule mwavuli bado ameushikilia juu ya kichwa cha mkewe mpaka ndani ya kanisa.